Siku Shime na Haki Zilipoachana

Kabla ya ukuta unaougawa uwanja wa Lusanje, na kabla watu hawajaanza kuulizana wewe ni kijani au nyeupe, mji huu ulikuwa na timu moja tu ya mpira. Iliitwa Shime, na jezi zake zilikuwa za kijani. Haikuwa na kadi za uanachama wala matawi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kubaki nje. Ukizaliwa Lusanje ulikuwa wa Shime, uwe wa mtaa wa Stesheni, juu ya reli, au wa Bondeni, chini yake.

Siku hizo palikuwa na desturi ambayo leo ukiisimulia vijana hucheka. Mwamuzi alikuwa mmoja, Mwalimu Nkondo, mtu mrefu aliyefundisha hesabu katika shule ya msingi na aliyekuwa amewafundisha karibu wachezaji wote. Hakuwa na wasaidizi wa kushika vibendera. Jambo likitokea na macho yake yasilione, alipuliza filimbi, akamwendea mchezaji na kumuuliza. "Umeushika?" Mchezaji alijibu, "Nimeushika, Mwalimu," na penalti ikapigwa. Hakuna aliyeona ajabu. Timu ngeni zilipofika Lusanje zilishangaa siku ya kwanza, na siku ya pili nazo zilikuwa zikijibu kweli.

Kipa wa Shime alikuwa Hemedi Mntangi, fundi mwashi wa Stesheni, mwenye mikono mipana kama karai. Mfungaji wake alikuwa Mbelwa Sekiteke, fundi viatu wa Bondeni. Hawa wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walioa mwezi mmoja. Mbelwa ndiye aliyemshonea Hemedi glavu za kwanza kuonekana Lusanje, kwa ngozi ya mabuti yaliyochakaa, na kila jioni baada ya mazoezi alimpigia mikwaju mpaka giza liwafukuze. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua miguu ya Mbelwa kuliko Hemedi, wala aliyejua mikono ya Hemedi kuliko Mbelwa.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokwisha, ilikuja barua kutoka Dar es Salaam. Shime ilialikwa kwenye mashindano ambayo timu zake bora zingeingizwa katika ligi ya taifa. Lakini nafasi za safari zilikuwa za wachezaji kumi na watatu tu, na Shime ilikuwa na wachezaji ishirini na sita, wote wazuri. Katibu wa timu aliogopa kuonekana anapendelea. Akaamua Stesheni na Bondeni wacheze. Watakaoshinda waende wote. Wakitoka sare, wataenda nusu kwa nusu.

Wengi waliomba sare mioyoni mwao. Hemedi hakuomba sare. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, goti lake la kulia lilikuwa limeanza kuvimba kila baada ya mechi, na alijua kwamba katika nusu kwa nusu kipa angekuwa mmoja. Kipa wa Bondeni alikuwa na miaka ishirini na miguu mizima.

Walicheza Jumamosi alasiri. Wakati huo goli la upande wa magharibi lilipakana na shamba la mahindi, kwa hiyo hapakuwa na watazamaji nyuma yake. Na siku hiyo magoli yote mawili hayakuwa na nyavu. Mbuzi walikuwa wamezitafuna wiki iliyotangulia, na hakuna aliyeona haja ya kuahirisha mchezo kwa ajili ya kamba, maana kipa alikuwepo, na kipa angesema.

Stesheni walipata bao moja kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Bondeni waliwabana mpaka watu wa Stesheni wakaacha kuimba. Dakika zilipokuwa zinakwisha, Mbelwa aliupata mpira pembeni, akamgeuza beki, akapiga. Hemedi aliruka. Akausikia mpira ukikwaruza glavu juu ya ukucha wa kidole cha kati, akauona kwa jicho lake ukipita kati ya mkono wake na mwamba, upande wa ndani, kisha ukatokomea kwenye mahindi.

Jua lilikuwa linamwangaza Mwalimu Nkondo usoni. Alipuliza filimbi, akaja akitembea polepole, kiganja juu ya nyusi. Watu wa Bondeni walikuwa wameshaanza kushangilia, wa Stesheni wameshika vichwa. Kelele zikapungua zenyewe, kwa sababu kila mtu alijua kinachofuata.

"Hemedi," alisema Mwalimu, "mpira umepita wapi?"

Hemedi alikuwa bado amepiga magoti. Baadaye, kwa miaka mingi, alijaribu kukumbuka alichokuwa anafikiri wakati ule, na hakukumbuka kitu ila goti lake lilivyokuwa linauma.

"Nje, Mwalimu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza mara mbili, maana hakuwahi kuuliza mara mbili. Alinyoosha mkono kuonyesha mpira wa kipa.

Mbelwa alikuwa amesimama hatua sita kutoka pale. Alimtazama rafiki yake, akasema neno moja tu, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala.

"Hemedi?"

Hemedi alikwenda kwenye mahindi kuutafuta mpira. Alikaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliporudi, Mbelwa alikuwa amekwisha kugeuka na kwenda katikati ya uwanja. Kumbishia kungekuwa kumwita mwenzake mwongo mbele ya mji mzima, na katika uwanja ule neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa. Mchezo ukaisha moja kwa bila.

Wachezaji wa Stesheni walisafiri. Walishinda mechi mbili, wakafungwa ya tatu, lakini zile mbili zilitosha kuwaingiza ligi, wakabaki na jina la Shime. Treni ilipowarudisha, Hemedi alichungulia dirishani akitafuta watu. Zamani Shime ikirudi safari mji mzima ulijaa stesheni, wapishi na masufuria yao. Siku hiyo walikuwepo wa Stesheni tu. Bondeni hakuja hata mmoja.

Huku nyuma, wachezaji kumi na watatu walioachwa walikuwa wamekaa wakazungumza. Mbelwa hakusema kitu, lakini wenzake wawili waliokuwa karibu na goli waliona walichoona. Wakaunda timu yao, wakashona jezi nyeupe, na walipoulizwa jina wakasema Haki. Jina lenyewe lilikuwa shtaka. Watu wa Stesheni waliposikia walikasirika kweli, kwa kuwa wao waliamini kabisa kwamba mpira ulitoka nje. Hemedi alikuwa amesema. Nani alikuwa amewahi kudanganya?

Mwalimu Nkondo alichezesha mechi ya kwanza ya Shime na Haki. Mpira ulimgonga beki wa Shime mkononi, Mwalimu akamwendea kumuuliza kama kawaida. Kabla beki hajafungua kinywa, watu wa Haki walipiga mayowe, "Atasema nje! Atasema nje!" Mwalimu alisimama kidogo, akawatazama wa upande huu na wa upande ule, watoto aliowafundisha kujumlisha na kutoa. Akaivua filimbi shingoni, akaiweka juu ya majani, akaenda zake. Hakukanyaga tena uwanjani mpaka anakufa.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika mfululizo. Mwaka wa pili mawe yalirushwa. Mwaka wa nne ukajengwa ukuta kati ya majukwaa. Haki nayo ikapanda ligi, wakaja wachezaji wa kulipwa kutoka mikoa ya mbali na makocha wasiojua hata Bondeni iko upande gani, na wote walifundishwa kwanza kumchukia mpinzani kabla ya kuonyeshwa chumba cha kubadilishia nguo. Vijana wa Bondeni walikataliwa posa Stesheni. Vinyozi walichagua upande. Mwalimu Nkondo alipozikwa, waombolezaji walisimama makundi mawili, na kaburi katikati.

Hemedi aliyatazama yote haya. Alikuwa ameacha kucheza miaka mingi, lakini Shime walimweka kiti cha mbele kila mechi na kumwita shujaa. Mbelwa alipokutana naye sokoni alimsalimu vizuri, akamuuliza hali ya nyumbani, akapita. Hiyo salamu nzuri ndiyo iliyomtesa Hemedi. Angetukanwa angepumua. Viatu vyake vikichanika alivipeleka kwa fundi wa mji mwingine, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli.

Mwaka wa ishirini na tatu, baada ya mechi ambayo mtu mmoja alipoteza jicho, Hemedi alivuka reli akateremka Bondeni. Alimkuta Mbelwa kibandani pake, amebana kiatu kati ya magoti.

"Mbelwa, ule mpira uliingia."

Mbelwa aliendelea kuvuta uzi. "Najua."

"Nimekuja kukuomba radhi, ndugu yangu."

"Mimi nilikusamehe siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Nilisema, kesho atakuja kuniambia. Nikakungoja kesho, nikakungoja kesho kutwa. Mke wangu alikuwa anapika cha watu watatu." Alikata uzi kwa meno, akakiweka kiatu chini. "Lakini mimi ni mtu mmoja, Hemedi. Hao wengine nitawasamehe vipi kwa niaba yao? Nenda kawaambie."

Hemedi akaenda. Kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa Shime aliomba nafasi ya kusema, akapewa kwa makofi. Akasimama, akasema yote: ukucha, mwamba, upande wa ndani. Kisha mwenyekiti, mtu ambaye siku ya mchezo ule alikuwa bado mtoto mdogo, akainuka na kutabasamu.

"Tumshukuru mzee wetu. Umri umekwenda, na kumbukumbu nazo huchoka. Tuendelee na ajenda."

"Sijachoka," alisema Hemedi. "Nilidanganya."

"Mzee, keti," mtu alimwambia kwa upole, akimshika bega. "Umefanya kazi kubwa. Keti."

Kule Bondeni habari zilipofika hazikuleta amani. Mechi iliyofuata Haki walikuja na kitambaa kirefu chenye maandishi makubwa, MMEKIRI WEZI, na Shime walikichana, na siku hiyo walioumia walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Hemedi aliwaona kutoka kwenye kiti chake cha mbele. Alielewa kwamba siku ile ya Jumamosi neno moja lingetosha kumaliza kila kitu, na wachezaji wangekwenda nusu kwa nusu, pengine yeye asiende, basi. Sasa hata angelisema mara elfu, watu walikuwa hawana tena mahali pa kuliweka.

Tangu hapo hakukalia tena kile kiti. Badala yake, kila siku ya mechi ya Shime na Haki, milango ikiwa bado imefungwa, alikuwa akiingia uwanjani peke yake na kwenda kwenye goli. Aliushika wavu, akauvuta fundo kwa fundo, kutoka mwamba mmoja hadi mwingine, kuona kama kuna tundu la mpira kupita bila kuacha alama. Akimaliza goli moja alikwenda la pili. Mlinzi alimwacha, akidhani ni utu uzima.

Mara ya tatu alikuta tundu, na alipogeuka kutafuta kamba alimwona Mbelwa anakuja kutoka upande wa Bondeni, sindano ya viatu mkononi na uzi shingoni. Hawakusalimiana. Hemedi alishika wavu, Mbelwa akaziba. Wakafanya hivyo miaka tisa. Hawakuwahi kurudi kuwa kama walivyokuwa, hakuna aliyepika tena cha watu watatu, lakini siku hiyo moja au mbili kwa mwaka walisimama goli moja.

Hemedi alitangulia kufa, na Mbelwa hakumaliza mwaka. Mechi iliyofuata kipa wa Shime na kipa wa Haki, ambao wote walikuwa wakiwaona wazee wale kila walipofika mapema kupasha misuli, walitoka mapema bila kuambiwa na mtu, wakaenda pamoja kuvuta nyavu.

Na kuanzia siku hiyo mpaka hivi tunavyozungumza, mwamuzi wa mechi ya Lusanje huletwa kutoka mkoa wa mbali, hulala mji mwingine, na haruhusiwi kumuuliza mchezaji jambo lolote. Na kabla ya filimbi, makipa wawili huenda goli hadi goli wakivuta wavu fundo kwa fundo, mmoja ameshika huku na mwingine kule. Wageni husema ni uchawi. Wenyeji wengi nao husema hivyo hivyo. Wakimaliza hawapeani mikono. Kila mmoja hurudi upande wake wa ukuta.