Fundi Aliyekataa Kubadili Dereva

Wapendwa, alikuwepo fundi cherehani mmoja, mama mjane, aliyegongwa na gari la kanisa lake mwenyewe. Lilirudi nyuma bila kuangalia, likamvunja mguu, ule ule wa kukanyagia cherehani. Mnajua maana yake? Mguu ukilala, watoto nao wanalala na njaa.

Gari lilikuwa na bima. Sheria inamtaka kila mwenye gari akate bima, ili atakayegongwa asiachiwe kilio chake. Shida ni kwamba aliyeshika usukani alikuwa mzee wa kanisa, na leseni yake ilikwisha zamani.

Mzee huyo na wenzake wakaenda nyumbani kwake kumpa pole kitandani, na kuku wawili mkononi.

"Mama, polisi wakikuuliza, sema aliyeendesha alikuwa dereva wetu. Yeye ana leseni, na amekubali. Bima watalipa bila maneno, utibiwe."

Fundi akawaza unga, akawaza ada. Uongo mmoja tu, mkono uende kinywani! Kisha hasira ikampanda.

"Mzee wangu, kilichovunjika ni mguu. Ulimi wangu mzima."

"Lakini bima wakijua ni mimi, watagoma. Litalipa kanisa!"

"Basi lilipe."

"Kumbe mama hujasamehe?"

"Nilikusamehe nikiwa bado nimelala vumbini. Ila wewe hujaniomba msamaha, umeniomba uongo!"

Mzee akaona maji yamezidi unga. Akakimbilia tunakokimbilia sote tukibanwa: "Tufumbe macho, tuombe." Akaomba huyo! Akaikemea roho ya uchungu, akaikemea roho ya ukaidi, akaombea na mataifa ya mbali. Walipoitikia amina na kufumbua macho, kitanda kilikuwa kitupu. Mama yuko juu ya bodaboda, magongo mapajani, anaelekea kituo cha polisi.

Nawauliza, siku ile nani alimtii Mungu? Yule aliyepiga magoti, au yule aliyeondoka akichechemea? Sisi ni hodari wa kumwambia aliyeumia, "Samehe," kumbe tunataka anyamaze. Tunamrudishia Mungu kesi alizotukabidhi sisi wenyewe. Hapana! Nakataa, na ninyi kataeni. Aliyevunja aseme, "Ni mimi," hata kama hakuna bima itakayomlipia.

Haya, tusimame tuombe. Na leo asifumbe mtu macho.