Mafundo Matatu ya Mwanakheri

Niwape? Tupe! Basi sogeeni.

Zamani zimwi lilijigeuza mchuuzi, likazunguka mitaani na vitu vya kung'aa. Ukinunua kwa pupa, kitu kile kikifika nyumbani huota mdomo, kikala unga wote wa watoto. Birika alilouziwa jirani wa mwanamke mmoja, Mwanakheri, lilikuwa limeshakomba mtungi mzima wa unga.

Siku moja zimwi likambishia hodi Mwanakheri, kioo mkononi. Lo, alivyokitamani mwanamke yule! Lakini pesa zake huzifunga kwenye pindo la kanga, mafundo matatu, huyakaza kwa meno.

"Chukua sasa hivi, mama! Nikiondoka hukipati tena."

"Subiri nifungue, baba."

Fundo la kwanza, akakumbuka kioo anacho ndani. Kile cha zimwi kikafifia. Fundo la pili, akawakumbuka wanawe. Kikapasuka.

"Fanya haraka!" zimwi likanguruma, mkia umeshachomoza.

Fundo la tatu likakataa kufunguka. Mwanakheri akainua uso, akaona zimwi limeshika jivu tupu. Akacheka, akayafunga upya yale mawili.

Hata leo zimwi lile haliukanyagi mji ule. Linalalamika kwamba wanawake wa huko wana vidole vizito kwenye mafundo.

Nami ngano yangu nimeifunga, mafundo matatu. Aitakaye aifungue polepole.