Barua ya Mwajiri wa Bi Mwantumu

Alikuwepo Bi Mwantumu, muuza vitumbua, aliyechoka kupanga akaomba mkopo wa benki anunue fleti ya bei nafuu. Meneja Ngatunga akalifungua faili lake huku akitafuna kitumbua cha tano, maana Bi Mwantumu ndiye aliyewalisha pale benki kila asubuhi.

"Mkopo ni wa miaka kumi na mitano, mama. Barua ya mwajiri iko wapi?"

"Nimejiajiri, bosi."

"Basi hakuna fleti. Nataka barua ya kazi ya kudumu, yenye muhuri."

Bi Mwantumu akabeba kapu lake, akaondoka. Siku tatu hakuonekana. Siku ya nne meneja, ambaye kwa njaa alishajigonga muhuri shavuni, akamfuata hadi jikoni kwake.

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ila nimepata oda ya shule, ya kudumu. Labda na nyinyi mniandikie kwamba mtanunua kila siku kwa miaka kumi na mitano, na kwa mwezi mtanilipa kiasi gani."

Meneja akaandika palepale, akasaini, akatoa muhuri mfukoni, akaugonga.

Kesho yake Bi Mwantumu alirudi benki na kapu na faili.

"Barua ya mwajiri?" akauliza meneja, mdomo umejaa.

"Hiyo ya juu."

Meneja akaisoma, akaacha kutafuna. "Lakini huyu ni mimi!"

"Kama humwamini," alisema Bi Mwantumu, akilivuta kapu, "mwajiri mwingine sina."

Meneja akalishika kapu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaidhinisha mkopo.