Nyigu Aliyeziba Mlango Wake Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa na wadogo, sogeeni basi.

Hapo zamani za kale, Nguchiro alihamia kwenye kichuguu kikavu. Alikuwa na mimba, na hakumwamini mtu. Mimba tatu zilikwisha kumharibikia. Jani likianguka, alisema ni mwizi. Upepo ukivuma, alisema ni nyoka.

Akaja Mhanga, mchimbaji.

"Mama, mlango mmoja hautoshi. Nitaingizaje udongo laini wa kutandikia wanao?"

Akachimba. Paru, paru, paru. Akaingiza udongo. Akachimba mlango mwingine, akaingiza zaidi. Kila alipoingia, aliongeza mlango wake. Kisha akatoboa vitundu vidogo vidogo.

"Bwana Mhanga, hivi ni vya nani?"

"Vya Nyigu. Nisipomtobolea, hana pa kupitia."

Nguchiro akaguna. Moyoni akasema, ananiuza huyu.

Mhanga alipoondoka, ikasikika vuuu, vuuu.

"Hodi."

"Nani kakutuma?"

"Sikutumwa. Nimeona milango yangu, nimeingia."

Nyigu alibeba tope mdomoni. Akalipaka kwenye mlango wa Mhanga. Pata, pata, pata. Akaziba wa kwanza. Akaziba wa pili. Akaziba wa tatu, na ule wa zamani pia.

"Mbona unamfungia aliyekufungulia?" Nguchiro akauliza.

"Matandiko yametosha. Yakizidi, watoto watakosa pa kulala."

"Unaitaka nyumba iwe yako."

Nyigu akaenda kwenye vitundu vyake mwenyewe, akaanza kuviziba kimoja kimoja. Hapo Nguchiro akaona hakika amezikwa hai. Mtu anayefunga hata mlango wake, anaficha nini?

Nyigu alipotoka kufuata tope, Nguchiro akaurukia mlango mmoja wa Mhanga. Akautafuna. Ukabomoka. Akavuta pumzi moja tu.

Sss.

Nje alikuwa Kenge. Tangu milango izibwe, alikizunguka kichuguu hicho, hana pa kupenya. Akaingiza kichwa. Nguchiro akamng'ata pua, akaziba tundu kwa mwili wake. Kenge akasukuma. Nguchiro akarudi nyuma hatua moja, na tumbo lake likakaza kwa uchungu.

Vuuu! Nyigu akamchoma Kenge jichoni. Kenge akajichomoa, akakimbia. Nyigu akapaka tope palepale, Nguchiro angali ameegemea ukuta.

"Kwa nini hukuniambia kuna Kenge nje?" Nguchiro akauliza.

"Hukuwa ukiniuliza, mama. Ulikuwa ukinishtaki."

"Na vitundu vyako? Hivyo unavifungia nini?"

"Nikiachiwa vyote, nitaingia kila saa, nitapaka mpaka nikuzibe pumzi. Mimi najijua. Kimoja kinanitosha."

Nguchiro akajilaza kwenye udongo laini. Jua lilipochomoza akazaa watoto wanne, wote hai. Nyigu alipobisha hodi, hakuulizwa katumwa na nani.

Nanyi akina mama, msicheke. Nyumba ya mtoto tumboni nayo ina wageni wawili, homoni za mwili wa mama. Estrojeni, kama Mhanga, huja kwanza, ikaongeza milango yake ya kupokelewa humo na ya mwenzake. Projesteroni, kama Nyigu, hufuata, ikapunguza ile ya mwenzake na yake pia. Ndipo mtoto akapata pa kukaa.

Hadithi hii yatufunza: anayekufungia mlango si lazima awe adui, muulize kabla hujabomoa. Na mwenye nguvu ajue kujizuia mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeitua, aliye na mabega aibebe.