Profesa Fisi na Upupu wa Alhamisi

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, kama mmefunga siku tatu? Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kiti!

Kiti cha nani?

Cha aliyelala!

Basi mwacheni alale, sisi twende.

Hapo kale, kabla fisi hajawa na madoa, wanyama walikuwa na Taasisi ya Utafiti. Msiniulize kwa nini. Walichoka kujua mambo kimyakimya, wakataka kuyajua kwa mikutano. Wakajenga ukumbi wa matete, wakazungusha ua wa miiba, wakatundika ubao mlangoni. Juu ya ubao wakaandika: HAYA NDIYO TULIYOYAGUNDUA. Chini yake, majina ya wagunduzi. Na kila Alhamisi, jua likiwa utosini, kengele inalia, ngo! ngo! ngo! Semina.

Mvua inanyesha, semina. Njaa imeingia, semina. Kafa mtu, wanazika asubuhi, mchana semina.

Katika taasisi hiyo alikuwamo Sange. Sange mnamjua, yule mdogo kama panya, pua ndefu imechongoka, miguu myembamba, akitembea ti-ti-ti, ti-ti-ti. Mwanamke wa makamo, hana makuu, kazi yake anaijua. Na alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Ule unaokaa ndani ya mifupa kama mpangaji asiyetaka kuhama.

Aliyemchosha ni Mwenyekiti, Profesa Fisi.

Fisi alikuwa na kiti kikubwa cha mbele, chenye mto. Sange akisimama kusema, Fisi anasikia mwanzo. Kisha anaegemea. Khorooo... pyuu! Khorooo... pyuu! Na Mwenyekiti akilala, ukumbi mzima nao unafumba macho kwa heshima. Mwisho ukifika, Fisi anaamka, anajifuta udenda, anasema, "Mimi sina swali, nina maoni." Anayatoa hayo maoni mpaka chai inapoa, kisha anakula maandazi ya wote. Wiki ya pili utasikia amealikwa taasisi ya ng'ambo ya mto, mhadhiri mgeni. Na anakwenda kuhadhiri nini? Ya Sange.

Mwaka wa kwanza Sange aligundua namna ya kunusa mvua siku tatu kabla haijanyesha. Fisi akasikia mwanzo, akalala katikati, akasikia mwisho. Ubaoni pakaandikwa: Profesa Fisi.

Mwaka wa pili Sange akagundua jani la kufukuza kupe. Fisi akasikia mwanzo, akalala katikati, akasikia mwisho. Ubaoni pakaandikwa: Profesa Fisi.

Mwaka wa tatu Fisi akamwita ofisini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Binti," akasema Fisi huku anachokonoa meno, "huu mwaka wa tatu, jina lako halipo ubaoni. Uvivu gani huo?"

"Ile ya mvua, Mzee, na ile ya kupe..."

"Hizo zangu. Huoni ubao? Sheria unaijua. Vuli ikianza, asiye na jina anatoka nje ya ua."

Nje ya ua palikuwa na mti mkavu, na juu ya mti alikaa Mwewe. Mwewe hakuwa mwanachama wa taasisi. Kazi yake ilikuwa kungoja watafiti waliokosa majina. Mwaka uliopita alitolewa Panya, na Sange alisikia kwa masikio yake. Panya hakufika hata kichuguu cha kwanza. Vwaap! Basi, habari yake ikaishia hapo, na semina ikaendelea.

Sange akarudi shimoni mwake. Hakulia, kulia kunataka nguvu. Akakaa akawaza, "Kazi yangu ni kuchunguza. Nimechunguza mvua, nimechunguza kupe. Mbona huyu sijamchunguza?"

Basi Alhamisi tatu mfululizo Sange hakumsikiliza mhadhiri yeyote. Alimtazama Fisi.

Alhamisi ya kwanza alisema Nungunungu. Nungunungu akasema, "Sasa nije kwenye mbinu za utafiti." Fisi, khorooo! Nungunungu akasema, "Kwa kumalizia," na Fisi macho pwaa!

Alhamisi ya pili alisema Chura. "Sasa nije kwenye mbinu za utafiti." Khorooo! "Kwa kumalizia." Pwaa!

Alhamisi ya tatu alisema Bundi, mwenye sauti ya kuamsha wafu. "Sasa nije kwenye mbinu za utafiti!" Khorooo! "Kwa kumalizia!" Pwaa!

Sange akaandika kwenye kijikaratasi chake: *Mvua na kupe vilikuwa vifupi, mwanzo na mwisho tu. Kitafutwe kitu chenye katikati.*

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mito imebaki mchanga, mashamba yamebaki mabua, ng'ambo ya mto wanakula magome. Kilichostawi kilikuwa kimoja tu, upupu. Upupu mnaujua, msijifanye wageni. Yale maganda yenye manyoya ya dhahabu, ukipita karibu nayo na upepo umevuma, utavua nguo mbele ya mkweo.

Sange akaufanyia kazi upupu miezi miwili. Akawashwa, akajipaka majivu, akarudi. Akawashwa, akajipaka matope, akarudi. Mpaka akaupata. Akaomba nafasi ya Alhamisi.

Ngo! ngo! ngo!

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Sange, "upupu unalika."

Ukumbi ukashtuka. Fisi akakaa wima.

"Ni chakula cha njaa hii. Upo kila ua, haupandwi, haulimwi." Akamtazama Fisi machoni. "Sasa nije kwenye mbinu za utafiti."

Khorooo... pyuu!

Sange hakuficha hata neno. Akasema kwa sauti, tena mara tatu, ili baadaye asije mtu akasema hakuambiwa. "Uchume alfajiri, ganda likiwa limelowa umande, manyoya yasiruke. Ulibabue kwenye moto mpaka manyoya yaungue yote. Umenye. Kisha uchemshe, umwage maji, uchemshe, umwage maji, mara saba. Ya sita haitoshi. Mimi nilijaribu ya sita, nikatapika siku mbili."

Khorooo... pyuu! Khorooo... pyuu!

"Kwa kumalizia," akasema Sange.

Pwaa!

"Kwa kumalizia, ni tamu kuliko njugu mawe. Karibuni muonje." Akafunua sahani.

Fisi alionja sahani nzima. Akalamba na sahani. "Mimi sina swali," akasema, "nina maoni. Maoni yangu ni kwamba ng'ambo ya mto wananihitaji."

"Mzee," akauliza Sange taratibu, "hakuna ambalo halikueleweka?"

"Lisieleweke kwangu mimi? Wewe binti, una adabu kweli?"

"Samahani, Mzee."

Watu walipotoka, Fisi akamfuata Kobe, katibu wa vikao. "Kobe, hebu kumbukumbu za leo."

"Tayari, Profesa." Kobe akasoma: "'Kikao kilihudhuriwa na Mheshimiwa Mwenyekiti, Profesa, Mgunduzi wa Mvua, Mshinda Kupe, Baba wa Semina. Itifaki imezingatiwa. Mada ilikuwa upupu. Upupu ni mtamu. Maandazi hayakutosha.'"

"Na katikati je?"

"Katikati nilikuwa namalizia vyeo vyako, Profesa."

Fisi akaguna. Ah, jambo limeshaonjwa, limeshamezwa, katikati ya nini tena? Akatuma salamu ng'ambo kwamba Jumatatu anakuja kuwaokoa na njaa. Akamwagiza Sange apike bakuli moja la upupu, kisha ambebee mkoba.

Jumatatu wakashika njia. Fisi mbele na tumbo lake, Sange nyuma na mkoba na bakuli. Ti-ti-ti, ti-ti-ti.

Wakafika kwenye kichuguu. "Hebu nionje, isije ikawa imechacha." Akaonja. Wakafika kwenye mkwaju. "Hebu nionje tena." Akaonja. Wakafika mtoni. Akalitazama bakuli, bakuli likamtazama. Limebaki bakuli.

"Binti, mbona umepika kidogo?"

"Samahani, Mzee."

Ng'ambo ya mto mwenyeji alikuwa Mama Korongo. Mama mrefu, mkavu, hacheki, watoto wake wamelala na njaa siku nne. Ukumbi umefurika mbavu tupu. Akasimama kumkaribisha mgeni, akasoma wasifu wake kurasa sita, wakapiga makofi, na wawili wakazimia, kwa njaa si kwa furaha.

"Upupu unalika!" Fisi akanguruma. Alikuwa na mwanzo. "Kwa kumalizia, ni mtamu kuliko njugu mawe!" Alikuwa na mwisho. Akakaa.

Ukumbi ukangoja katikati.

"Profesa," akasema Mama Korongo, "ahsante. Sasa tuonyeshe. Upupu upo hapo nyuma ya ukumbi, umefunika ua wote. Tuonyeshe, watoto wapate kula."

Fisi akainama kwa Sange, akanong'ona, "Wewe. Pale unaanza vipi?"

"Nilieleza kwenye mbinu za utafiti, Mzee," Sange akanong'ona. "Mara tatu. Mzee hakusikia?"

Hapo palikuwa padogo tu pa kupita. Angesema, "Sikusikia, nilisinzia, nieleze." Maneno matatu. Sange alimngojea. Wallahi alimngojea, maana naye hakupenda kuona mtu mzima anavuliwa nguo.

"Nimesikia kila kitu!" Fisi akafoka, akatoka nje.

Mchana kweupe. Jua kali, ganda limekauka kau, na upepo, shuuu. Fisi akakumbatia mzigo wa upupu kwa mikono miwili kama anamkumbatia shangazi, akaingia nao ukumbini. "Tazameni!" Akajitia maganda kumi mdomoni. Akatafuna.

Akatafuna mara moja. Akatafuna mara mbili. Akasimama.

"Hii," akasema Fisi. "Hii hii. Hii hii hii hiiii!"

Wenyeji wakadhani mgeni amechekeshwa na jambo la kitaalamu. Wakacheka nao, kwa adabu. Fisi akajikuna shingo, kwaru kwaru. Wakapiga makofi. Akajikuna tumbo, kwaru kwaru kwaru. Wakapiga makofi. Akajikuna mgongo kwenye nguzo, kwaru kwaru kwaru kwaru, nguzo ikang'oka.

"Mhadhiri mchangamfu," akasema jirani wa Mama Korongo.

"Mhadhiri anawashwa," akasema Mama Korongo.

Fisi akatoka mbio, hiii hii hii, akaenda kujitupa kwenye kidimbwi kilichobaki mtoni. Chubwi! Na maji hayakumsaidia. Wanasema pale alipojikuna mpaka manyoya yakanyofoka ndipo palipoota madoa. Mimi sikuwepo kuyahesabu.

Ukumbini watoto wa Mama Korongo wakaanza kulia. Mama akageuka, shingo yake ile ndefu, akamwona Sange pembeni na bakuli tupu.

"Wewe mbeba mkoba. Hili bakuli lilikuwa na nini?"

"Upupu, Mama."

"Uliopikwa?"

"Uliopikwa."

"Na nani?"

Sange akashusha bakuli. Miaka mitatu alikuwa amejitungia maneno ya siku hiyo, matamu, yenye methali. Siku ilipofika akaona yote ni marefu mno.

"Na mimi," akasema. "Leteni chungu. Ila mtangoja alfajiri, na mtachemsha mara saba. Ya sita haitoshi."

Wakangoja. Alfajiri wakachuma, wakababua, wakamenya, wakachemsha, wakamwaga. Jua lilipopanda watoto walikuwa wamekula, wamelala, na safari hii ulikuwa usingizi wa shibe. Mama Korongo akavuka mto kwa miguu yake, akafuta ubao kwa bawa lake, akaandika mwenyewe: UPUPU: BI SANGE. Ya mvua na ya kupe nayo akayauliza, akayaandika upya. Jina moja, mara tatu. Mwewe akaona, akahama mti.

Kiti cha Mwenyekiti kikabaki kitupu. Wakamkalisha Sange, na ule mto.

Mto wenyewe, jamani, ulikuwa laini. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Alhamisi ya kwanza Sange akamsikiliza Nungunungu mwanzo, katikati, mwisho. Alhamisi ya pili akamsikiliza Bundi mwanzo, katikati, mwisho, huku anajifinya paja. Alhamisi ya tatu, ngo! ngo! ngo!, akasimama Nyenyere, yule sisimizi mdogo mdogo ambaye hata kivuli chake lazima ukitafute.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Nyenyere, "nimegundua jambo."

Sange akakaa wima. Jambo lilikuwa zuri. Kweli lilikuwa zuri.

"Sasa nije kwenye mbinu za utafiti."

Sange alitaka kusikia. Mungu anajua alitaka. Lakini ile miaka mitatu ilikuwa bado imo mifupani, mpangaji hajahama, na mto ni laini, na jua liko utosini. Akaegemea kidogo tu.

Khi... pyuu. Khi... pyuu.

Nyenyere akamtazama Mwenyekiti, akatazama ukumbi uliofumba macho kwa heshima. Kisha akatoa kijikaratasi, akaandika.

Ngano yangu naitua hapa kama mtungi. Ikiwa tamu, kunyweni wote. Ikiwa chungu, nirudishieni mtungi wangu.

Na funzo lake ni hili. Mkubwa hakosi, na akilala msimwamshe, anawafikirieni. Nanyi mkipewa nafasi ya kusema, semeni mwanzo, semeni mwisho, mkae. Katikati haina mwenye haja nayo. Wewe pale nyuma uliyesinzia tangu kiangazi, usiniulize mara ngapi. Nenda kachemshe mara moja, ule.