Mtoto wa Mbwa Asiyelia

Wifi yangu Mbula, aliyekuwepo, ndiye aliyenisimulia. Bwana Chilongani, mwenye malisho, alimtumia mjane Sechelela ujumbe: kesho yake angekuja kuchukua, kati ya watoto wa mbwa wa mjane aliyezaa, yule mkali kuliko wote, la sivyo mbuzi wa mjane wasingekanyaga malishoni kwake tena. Sechelela naye alimhitaji huyo huyo, maana fisi walikuwa wakimmalizia mbuzi.

Chilongani alipofika, Sechelela akamuuliza, “Utamtambuaje, baba?”

“Unawainua kwa ngozi ya shingo. Asiyelia ndiye mkali. Hukufundishwa kwenu?”

“Basi chagua.”

Wote walilia, isipokuwa mmoja mnene. Chilongani akaondoka naye.

“Umempa mkali?” Mbula akauliza.

“Nimempa mvivu. Nilimshindilia uji, amelewa shibe. Mkali analia njaa pamoja na wenzake.”

Asubuhi baada ya kusimuliwa hayo, nilikwenda kwa Sechelela kuomba mmoja. Nilibeba uji, nikawalisha wote kwanza washibe sawa, ndipo nikawainua.