Nyungu ya Pimbi

— Paukwa!
— Pakawa.
— Nani yupo?
— Sote tupo.
— Nani hayupo?
— Yuko njiani, mwachieni nafasi.

Pimbi aliishi peke yake katika pango la mwamba. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Akipanda mlima, hwii. Akicheka, hwii. Akifagia, hwii hwii. Hakuolewa, wala hakulalamika. Kila asubuhi alishukuru kwamba pumzi imeamka pamoja naye. Alichotamani ni kimoja tu, mwenzake wa kula naye.

Majirani walikuwa na desturi njema ya kwenda kumjulia hali na bakuli la uji. Fisi akaisikia desturi hiyo. Akaja, akakaa mlangoni, akatangaza kuwa yeye ndiye mwuguzi. Ukija uji wa mtama, gugu! Ukija wa mahindi, gugu! Ukija wa ulezi, gugu gugu! Majirani wakaogopa meno yake, wakakoma kuja, na Pimbi akadhoofika. Mwanzoni alimvumilia, maana hata Fisi ni mtu wa kukaa naye. Lakini anayemlia mgonjwa uji wake hakai na mgonjwa. Anakaa na uji.

Asubuhi moja Pimbi akateleka nyungu ya majani ya kujifukiza. Akatia mfupa, akatia na konzi mbili za pilipili, kisha akakaa upande unakotoka upepo. Harufu ya mfupa ikamfikia Fisi, akauliza kunapikwa nini.

"Dawa yangu, kaka. Mfupa uko chini, ila hauivi mpaka mtu ajifunike nao blanketi."

Fisi akajifunika gubigubi, asije akagawana. Mvuke ukapanda, fuu! Akachomoka machozi yakimtiririka, kifua kikilia hwii, hwii.

"Karibu, mwenzangu," Pimbi akasema. "Sasa tu wagonjwa wawili, na wagonjwa wawili hawaletewi uji, huuguzana. Leo zamu yako: uteke maji, ukate kuni, unikande mgongo."

"Mpaka lini, dada?"

"Pumu haina lini, kaka."

Fisi hakuaga. Tifu tifu tifu, akatokomea bondeni.

Kesho yake Nungunungu akabisha hodi, uji mkononi. Alikaa mbali kidogo kwa ajili ya miiba yake, na umbali huo ukakifaa sana kifua cha Pimbi. Akamuuliza ameamkaje, kisha akangoja hwii zote ziishe, jibu lije.

"Nimeamka, nashukuru," Pimbi akasema. "Weka bakuli katikati."

Hadithi yangu imekaa kitako. Mwenye nguvu aiinue. Na fundisho lake ni hili: aishiye peke yake na maradhi yake hahitaji mtu. Asiyesadiki akamuulize Pimbi, ila abishe taratibu. Wako wawili, wanakula.